Ivan ni Yokana: jibu kwa msomaji wa Mbale

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sina mazoea ya kuandikia magazeti. Mara ya mwisho niliandika kuhusu bei ya chaki, na hamkuichapa. Hii naomba mwichape hata kama mtaikata mkia.

Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya msomaji wa Mbale aliyewasihi wazazi wa Uganda waache kuwabatiza watoto wao kwa jina la Ivan. Alikuwa na hoja mbili: kwamba ni jina la Kirusi lenye maana ya "mtu wa vita", na kwamba halimo kwenye Biblia, kwa hiyo mtoto anayeitwa hivyo hana mtakatifu wa kumwombea. Mimi sikuisoma barua ile, nilisomewa. Aliyenisomea ni shemeji yangu, kwa sauti ya kanisani, siku ya Jumapili chini ya mwembe wangu hapa Tororo, mbele ya watu wazima tisa na mtoto mchanga mmoja aliyekuwa anaitwa Ivan tangu Jumanne.

Mtoto huyo ni mjukuu wangu. Alizaliwa usiku wa mvua kubwa, kwa hiyo jina la kwetu halikuwa na mjadala: Okoth, kama tunavyomwita mtoto aliyekuja na mvua. Ugomvi ulikuwa kwenye jina la ubatizo. Mkwe wangu, mama wa mtoto, alitaka Ivan. Hakuwa na maelezo marefu. Alisema ni jina zuri, fupi, na mtoto hatapata taabu kuliandika. Shemeji alitaka Yokana, ambalo lilikuwa jina la kaka yake, yaani marehemu mume wangu. (Kwa wasomaji wenu wa Tanzania: Yokana ndilo Yohana la kwenye Biblia yenu. Waprotestanti wa hapa walilipokea kutoka kwa wahubiri wa Kiganda, na Waganda huliita hivyo.)

Shemeji alipomaliza kusoma alilikunja gazeti, akalipiga kwenye goti. "Mmesikia? Mtu wa vita. Na Yokana wetu aachwe kaburini bila wa kuitwa jina lake."

Nilitazama watu wale. Wanaompenda Ivan na wanaomkataa walikuwa wamekubaliana jambo moja bila kujua, kwamba haya ni majina mawili. Nikainuka, nikaingia ndani, nikavuta sanduku la bati lililo chini ya kitanda.

Mume wangu alisomea udaktari wa mifugo Moscow. Aliondoka 1971, miezi saba baada ya harusi, akarudi 1977 na kofia ya manyoya ambayo hapa Tororo haina kazi ila kutagiwa mayai na kuku. Kwa miaka sita ndoa yetu ilikaa kwenye barua za ndege, zile karatasi nyepesi za bluu zinazokunjwa zikawa bahasha zenyewe. Barua ya kwanza na ya pili aliweka sahihi "Yokana wako". Ya tatu ilifika Februari 1972, na mwishoni iliandikwa: "Wako, Vanya."

Mhariri, nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilimwonyesha mama mkwe, naye hakujua kusoma, akaniuliza kama hilo ni jina la mwanamke. Nikamwambia linasikika hivyo. Tulikaa kimya wote wawili, tukachambua maharage mpaka yakaisha. Usiku ule niliandika barua yenye sentensi moja: "Vanya ni nani?"

Jibu lilichukua zaidi ya miezi miwili, na ndilo nililolitoa sandukuni Jumapili ile. Nitaeleza yaliyomo kwa maneno yangu, maana nusu ya karatasi ni mambo ya mke na mume.

Kwenye mlango wa bweni lao alikaa mama mmoja mzee wa Kirusi aliyeshika funguo. Siku ya kwanza alimwuliza jina. Akasema Yokana, yule mama akatikisa kichwa. Akajaribu la Kiingereza, John. Yule mama akapiga meza kwa kiganja: "Ah! Ivan!" Ikawa basi. Wiki ya pili akawa Vanya, kwa sababu Warusi jina la Ivan hulilainisha hivyo kwa mtu wa nyumbani. Siku alizolala njaa alikuwa Vanyusha, ambalo ni Vanya lililoongezewa huruma, na Vanyusha lilikuja na supu ya kabichi. Kwa hiyo, aliandika, Vanya ni mimi, usimtishe mama.

Alipokwisha kunituliza akaanza kunifundisha, maana hakuweza kujizuia, na mimi tangu siku ile sikuweza kulisikia jina hilo bila kulifuata nyuma.

Linaanzia kwa Waebrania, ambako ni Yohanan. Lina vipande viwili: Yo, kifupisho cha jina la Mungu, na hanan, amefadhili. Mungu amefadhili, Mungu ameonyesha neema. Hakuna vita hapo wala fimbo. Wagiriki walipolipokea hawakuwa na herufi ya kuiweka ile "h" katikati ya neno, wakaidondosha, wakaongeza "s" mwishoni kama walivyozoea kwa majina ya wanaume: Ioannes. Warusi nao hawakuupata Ukristo Roma wala Uingereza. Waliupata kwa Wagiriki wa Constantinople, pale mtawala Vladimir wa Kiev alipobatizwa na kuwabatiza watu wake mwaka 988. Basi jina liliwafikia likiwa limevaa nguo za Kigiriki, Ioann.

Sasa hebu mtamke: I-o-a. Vokali tatu zimefuatana bila konsonanti ya kuegemea. Mimi nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na nimepoteza wino mwekundu mwingi nikisahihisha "chukuwa" na "nunuwa". Mtoto hakosei kwa uvivu. Ulimi wake hautaki u na a zigusane, unatafuta daraja, unaweka w. Ulimi wa Mrusi ulitafuta daraja hilo hilo, ila ukaweka v. Waserbia, ambao ni ndugu zao wa lugha na wa kanisa, mpaka leo husema Jovan, na ndani yake unaiona ile o bado imekaa. Kwa Warusi o ikamezwa, likabaki Ivan. Ningekuwa mwalimu wao wa wakati ule ningelikata kwa wino mwekundu pia, na ningeshindwa.

Jina la kitabuni nalo halikufa. Kwenye Biblia ya Kirusi mwandishi wa Injili ya nne ni Ioann, na aliyembatiza Yesu ni Ioann. Mtu wa sokoni ni Ivan. Lakini wakati wa sikukuu ya Yohana Mbatizaji, ambayo sisi tunaisoma kanisani Juni 24 na kwao, kwa kalenda ya zamani ya kanisa lao, huangukia Julai 7, watu wa vijijini huiita Ivan Kupala. Kupala ni neno la kuoga, kuingia majini. Yaani Mbatizaji mwenyewe, yule wa nzige na asali, kwa Kirusi cha mkulima ni Ivan. Msomaji wa Mbale anaposema jina hili halimo kwenye Biblia ni kama Mwingereza aje hapa atuambie Petro hayumo kwenye Biblia kwa sababu kwake yumo Peter.

Na kama anashuku mambo ya Warusi, haina haja ya kusafiri. Aende Namungoona, Kampala, kwa Waorthodoksi wetu. Kanisa lile halikuletwa hapa na Mrusi wala Mgiriki. Mganda Reuben Spartas Mukasa ndiye aliyelianzisha mwaka 1929, kisha wakaungana na Upatriarka wa Alexandria. Awaulize mapadri wa pale Ioannes ni nani.

Ndugu wa jina hili ni wengi: John, Jean wa Wafaransa, Juan wa Wahispania, Giovanni wa Waitaliano, Hans wa Wajerumani. Wote ni Yohanan aliyepita kwa mafundi cherehani mbalimbali. Nilipofika hapo, Mzee Yahya, jirani yetu fundi baiskeli ambaye alikuja kwa ajili ya pilau tu, aliweka sahani chini. Yahya ndilo jina la nabii huyo huyo katika Korani. Sura ya Maryam inasema hakupata mtu kuitwa jina hilo kabla yake. "Basi mwalimu," akasema, "hata mimi ni Ivan?" Watu wakacheka, na kicheko kile kilifanya kazi kuliko nusu saa yangu ya maelezo.

Kuhusu hoja ya vita. Nadhani najua ilikotoka. Yuko mfalme Ivan wa Nne, yule ambaye Warusi humwita Grozny, neno linalokaribiana na la ngurumo na tufani: wa kuogofya. Alizaliwa Agosti 25, 1530, siku nne kabla ya sikukuu ya kukatwa kichwa Yohana Mbatizaji, na babu yake pia alikuwa Ivan, yule wa Tatu. Alitawazwa mwaka 1547, mtawala wa kwanza wa Urusi kutawazwa kwa cheo cha tsar. Mwaka 1581 alimpiga mwanawe mkubwa kwa fimbo mpaka akafa, na mwana huyo naye aliitwa Ivan. Sitaki kumtetea mtu wa namna ile. Lakini Grozny ni lakabu ya mtu mmoja, si maana ya jina. Mbona yule mtawala mwingine wa Moscow, Ivan wa Kwanza, aliitwa Kalita, yaani mfuko wa fedha, na hakuna anayesema Ivan maana yake ni pochi?

Halafu katika vita vya pili vya dunia askari wa Kijerumani walimwita kila askari wa Kirusi Ivan. Si kwamba jina lina bunduki ndani yake. Lilikuwa jina la kila nyumba, ukiita Ivan kwenye handaki wanageuka kumi. Yule mama wa funguo alikuwa na mwana wa jina hilo ambaye hakurudi vitani. Mume wangu aliliandika hilo pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo, bila maelezo.

Sisi tunaoandika Kiswahili Uganda tungekuwa wa mwisho kulihukumu jina kwa mtu aliyelibeba. Lugha hii hii, watu wa hapa waliisikia kwa mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani, wakasema ni lugha ya kunyang'anyia. Nilipoanza kuifundisha, mzazi mmoja alikuja shuleni kuniuliza kama ninawafundisha watoto wizi. Kiswahili hakikuwa kimemwibia. Aliyemwibia alikuwa anakizungumza.

Kwa Warusi wenyewe, ukiacha wafalme, Ivan anayependwa si shujaa wa vita hata kidogo. Ni Ivan Mjinga wa hadithi za usiku, mtoto wa tatu, kaka zake wajanja, yeye amelala juu ya jiko la matofali anakula tu. Mwisho wa hadithi kaka wameumbuka na yeye ameoa binti wa mfalme. Mume wangu aliwasimulia wanetu hadithi hizo kwa Dhopadhola, lugha yetu sisi Wajopadhola, jiko la Kirusi akaligeuza kuwa ghala la wimbi, na wao mpaka walipokuwa wakubwa walidhani ni hadithi za Wajopadhola.

Jambo jingine alilolipenda kule ni heshima yao ya kuitana. Mtu mzima huitwa jina lake na la baba yake: mwana wa Ivan ni Ivanovich, binti wa Ivan ni Ivanovna. Sisi tunafanya kinyume. Mtu akizaa anapoteza jina, anakuwa Mama Fulani, Baba Fulani. Wao hubeba baba, sisi hubeba mtoto. Kifungua mimba wetu alipozaliwa, mwaka mmoja baada ya baba yake kurudi, aliitwa Ivanovich kwa mzaha mpaka akaanza kuwapiga wenzake shuleni kwa ajili hiyo, tukaacha.

Shemeji yangu ni msomaji wa masomo kanisani, kwa hiyo nilimwachia la mwisho. Nilimwomba afungue Luka sura ya kwanza. Pale Elisabeti amejifungua, majirani na jamaa wamekusanyika, wanataka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Mama anasema hapana, ni Yohana. Wanamwambia hakuna mtu katika ukoo wenu mwenye jina hilo. Ugomvi, ukoo mzima, mtoto hajui lolote. Na jina wanalogombania ni hilo hilo! Shemeji alisoma mpaka pale Zakaria anapoletewa kibao, akaacha kusoma kwa sauti, akaendelea kwa macho.

Kisha akanyoosha mkono kuomba barua ya bluu. Aliitazama muda mrefu. Kaka yake alikuwa na mwandiko wa kulala kulia, na herufi "k" aliikata kama mtu anayechanja kuni, hukosei. Akaniuliza, "Huyu Vanya, ni yeye?" Nikamwambia ni yeye. Akairudisha, akasema wamwandikishe Ivan, lakini yeye atamwita Yokana. Mkwe wangu akasema hewala. Mtoto alikuwa ananyonya.

Nina neno kwa wazazi wanaotaka kuridhisha pande zote mbili. Nimewahi kufundisha mvulana aliyeandikishwa Ivan John Owor. Baba alitaka moja, mama jingine, wakaweka yote, na sasa kijana wa watu ni Yohana Yohana kwenye kila karatasi yake. Hakuna ubaya, ila wajue.

Na neno jingine kwa walimu wenzangu, maana hili limenikera miaka mingi. Hapa Uganda tunaita "Aivan", kwa mkazo mwanzoni, tukiwafuata Waingereza ambao jina si lao. Mtoto wa darasa la pili anayejua kusoma Kiswahili tu, mpe neno hilo kwenye ubao: atasema "Ivani", na kwa sababu mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ataukaza pale kwenye "va". Mrusi hukaza hapo hapo. Ondoa ile i ya mwisho ambayo ulimi wetu huiongeza kwa ukarimu, na umepata jina kama lilivyotoka mdomoni mwa mama wa funguo. Mimi nimekuwa nikiwasahihisha watoto hao wawe "Aivan", nikidhani ninawasaidia. Daftari langu la mwisho la P5, darasa la tano, lilikuwa na akina Ivan watatu na wote niliwaharibia.

Msomaji wa Mbale akitaka mtakatifu wa kumwombea mtoto, anao wawili wa kwenye Biblia, Mbatizaji na mwandishi wa Injili. Akitaka wa hapa nyumbani, kuna Yohana Maria Muzeeyi, wa mwisho kuuawa kati ya wale mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda, Januari 27, 1887, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Kwa Kirusi huyo ni Ivan Maria. Sijui mapadri watasemaje nikiliandika hivyo, lakini ndivyo lilivyo.

Barua ya bluu nimeirudisha sandukuni. Akitaka kuiona kwa macho yake, na aje Tororo. Akishuka stendi amwulize mwendesha bodaboda yeyote nyumba ya mwalimu wa Kiswahili iliyo upande wa mwamba. Ila Alhamisi asije, huwa niko kwenye mashine ya kusaga, na foleni ya pale haina mtakatifu.

Wako,
Nyanya wa Ivan, mwalimu mstaafu
Tororo